Kupitiliza Usoke

Nikiwa mwaka wa pili chuoni, nilipitiliza kituo cha nyumbani kwetu mchana kweupe, macho makavu, bila usingizi wala ulevi. Siku hizi nalisimulia jambo hilo mbele za watu bila kuinamisha kichwa. Zamani hata peke yangu sikuthubutu kulitaja.

Nilizaliwa Usoke, katika nyumba ya wakulima wa tumbaku. Nilipopata nafasi ya kusomea ualimu wa hisabati Tabora mjini, baba alizunguka kijiji kizima akiwaambia watu, hata wale ambao hawakumuuliza. Nikaenda kukaa mtaa wa Gongoni kwa mama mkubwa, dada yake mama. Mama mkubwa alikuwa mjane aliyeishi kwa kazi ya mikono yake: magauni ya harusi, na kofia za kudarizi ambazo wazee wa mjini waliziagiza miezi kabla ya Idi.

Mwaka wa kwanza nilisoma vizuri. Mwaka wa pili ukaja mtihani wa majaribio wa kalkulasi, nikapata alama mbaya ambazo sikuwahi kuzipata tangu darasa la kwanza. Karatasi ile niliikunja mara nne nikaitia chini ya godoro. Sikumwambia mtu. Kijiji kizima kilijua kwamba kwangu hisabati ni kama kunywa maji. Ningeanzia wapi kusema kwamba maji yenyewe yamenipalia?

Simu nilikuwa nayo tangu mwanzo, kama kila mwanafunzi. Ila baada ya karatasi ile ikaanza kunifanyia kazi nyingine. Nikifungua daftari la kalkulasi, kifua kilibana. Nikifungua simu, kililegea. Video za dakika moja moja: mtu anakaanga samaki nchi nisiyoijua, mtoto anacheza ngoma, dada mmoja anaonyesha kabati lake la viatu, mchezaji anakosa penalti. Humo hakuna aliyeniuliza alama zangu. Nikimaliza moja, nyingine ilikuwa imeshaanza.

Kabla muhula haujaisha nilikuwa naamka na simu, nala na simu, naingia nayo bafuni. Darasani nilihamia viti vya nyuma, kisha nikaacha hata hivyo viti. Mama mkubwa akinikuta nimejifunika shuka saa sita mchana aliniuliza, "Mwanangu, unaumwa?"

"Nasoma, mama mkubwa."

Kidole gumba kiliniuma mpaka kwenye kifundo cha mkono. Bando likikatika moyo ulinienda mbio kana kwamba nimeletewa habari ya msiba. Watu hudhani mtu wa namna ile anastarehe. Mimi sikumbuki kucheka hata mara moja miezi ile. Nilikuwa nimechoka, uchovu ambao kulala hakuuondoi, na kila nilipoinua kichwa niliiona kazi niliyoiacha imeongezeka, basi nikakiinamisha tena.

Mdogo wangu akaposwa. Nikah ikapangwa siku ya Jumamosi, baada ya sala ya adhuhuri, nyumbani Usoke. Gauni la bibi harusi alilishona mama mkubwa, na kofia ya bwana harusi aliidarizi yeye mwenyewe kwa wiki nyingi, uzi wa rangi ya maziwa juu ya kitambaa cheupe. Magoti yalikuwa yanamsumbua, hakuweza kusafiri, kwa hiyo mzigo ule ulikabidhiwa kwangu. Nilitakiwa niondoke Alhamisi kwa basi. Alhamisi ikapita nikiwa kitandani na simu. Ijumaa nayo ikapita vivyo hivyo.

"Nitaondoka na treni ya kesho asubuhi," nilimwambia. "Saa nne nitakuwa nimefika."

Hakupenda, lakini hakuwa na njia nyingine. Asubuhi ile alinisindikiza mpaka mlangoni akichechemea, akaniwekea mikononi mfuko wa gauni na boksi la kofia.

"Treni haikai sana pale Usoke," alisema. "Dakika chache tu. Usije ukalala."

"Silali, mama mkubwa."

Na kweli sikulala. Nilikaa dirishani, mfuko mapajani, nikasema nitaangalia kidogo tu mpaka tuuache mji. Nakumbuka honi. Nakumbuka watu wakisimama, mama mmoja akipitisha kapu la kuku juu ya kichwa changu, sauti za wauza karanga nje. Vyote nilivisikia. Vilikuwa mbali, kama redio ya jirani. Nilipoinua macho, behewa lilikuwa limepungua watu na nje ulikuwa msitu mtupu wa miombo.

Nikamuuliza mkaguzi wa tiketi, "Samahani baba, Usoke bado?"

Akaniangalia, akaangalia tiketi yangu, akaniangalia tena. "Usoke tumeiacha muda mrefu, binti. Umekaa hapo macho yamekutoka, nikajua umebadilisha safari."

Nikainua simu nimpigie baba. Ikazima mikononi mwangu. Nilikuwa nimeimaliza chaji yote. Abiria aliyekuwa jirani akanipa simu yake kwa huruma, "Piga, dada." Nikaishika. Sikuwa najua namba hata moja kwa kichwa: ya baba, ya mama, ya mama mkubwa, hakuna. Mwanafunzi wa hisabati.

Sijui akili yangu ilikuwa wapi siku ile. Hata tulipofika Urambo, ambako ningeweza kuteremka, nilikuwa bado naizungusha simu iliyokufa nikijaribu kuiwasha. Nikaja kushukia Kaliua, pale njia ya Mpanda inapoachana na ya Kigoma, nimekumbatia gauni la harusi la mdogo wangu. Adhana ya adhuhuri ilinikuta nimekaa kwenye benchi la stesheni.

Mkuu wa stesheni alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Akatoka nje, akarudi na wafuga nyuki wawili, mume na mke, waliokuwa wakipeleka ndoo za asali Tabora kwa pikapu. Mke alinisogezea nafasi pale mbele. Walinichukua mpaka njia ya kuingilia kwetu, na mwendo wote hawakuniuliza kitu ila kama nataka maji.

Nilifika nyumbani baada ya alasiri. Wageni walikuwa wameshakula. Mdogo wangu alikuwa ameketi mkekani ndani ya gauni la kuazima kwa jirani, limembana mabegani. Bwana harusi alikuwa na kofia ya kaka yake. Waliponiona, kina mama walipiga ukelele, na nilidhani ni wa hasira. Haukuwa wa hasira. Walidhani nimekufa.

Baba alikuwa amenisubiri stesheni na baiskeli. Treni ilisimama, ikaondoka, mimi sikushuka. Akampigia mama mkubwa, akaambiwa nimepanda. Akanipigia mimi, simu imezimwa. Basi akaingiwa na wazo kwamba nimeanguka kutoka kwenye behewa. Akapanda baiskeli akafuata njia ya reli kurudi upande wa Tabora, akiangalia kwenye nyasi. Muda wa nikah ulipofika walimpigia arudi, kwa sababu yeye ndiye wa kumuoza binti yake. Akamwambia kaka yake asimame kwa niaba yake. Yeye akaendelea kuangalia kwenye nyasi.

Alirudi jua linatua, suruali imejaa vumbi na mbegu za majani. Alikuwa ameshapata habari njiani kwamba niko mzima. Akaegemeza baiskeli ukutani, akanitazama, akasema, "Umekula?"

Afadhali angenichapa.

Kesho yake asubuhi mdogo wangu, kabla hajaondoka kwenda kwa mumewe, aliniita chumbani. Hakupandisha sauti. "Dada, naomba unijibu kitu kimoja tu," alisema. "Ulikuwa unaangalia nini?"

Nikafungua mdomo nimjibu. Nilitafuta. Nilitafuta kwa dhati kabisa, maana alistahili jibu. Sikukumbuka hata video moja. Saa nzima na zaidi ya maisha yangu, harusi ya mdogo wangu, miguu ya baba, na sikuweza kutaja nilivibadilisha na nini.

"Sijui," nilisema.

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa ugonjwa. "Basi tafuta msaada," alisema. "Hii si tabia. Hii ni kuumwa."

Jumatatu niligonga mlango wa mshauri wa wanafunzi, ofisi ndogo nyuma ya maktaba ambayo nilikuwa naipita kila siku nikidhani ni ya wenye matatizo makubwa. Alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani. Nilimpa shikamoo, nikakaa, nikaanza kujishtaki.

"Kilichonileta hapa ni uvivu," nilisema.

Akanisikiliza mpaka nikamaliza habari ya treni. Kisha akasema, "Mvivu hupumzika, binti yangu. Wewe umepumzika lini?"

Nikalia. Nililia kwa muda mrefu, na yeye aliniacha nilie. Nilipotulia alinipa kazi ndogo: kwa siku saba, kila mkono unapokwenda kwenye simu, niandike katika daftari nilikuwa nahisi nini dakika moja kabla. Sikuambiwa niache kuangalia. Niandike tu. Siku ya saba nikampelekea kurasa kumi na moja. Akasoma, akanirudishia, akasema, "Soma mwenyewe kwa sauti." Nikasoma. Karibu kila mstari ulikuwa na neno lile lile. Hofu. Hofu, hofu ya darasa, hofu baba atajua, aibu, hofu. Chini ya simu ilikuwepo ile karatasi ya kalkulasi niliyoikunja mara nne. Siku hiyo nilikwenda nyumbani nikainua godoro, nikamwonyesha mama mkubwa.

Aliitazama, ingawa hesabu zile hakuzielewa. "Kwa hiyo ndiyo hii?" alisema. "Mimi gauni la kwanza kulishona lilikuwa na mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Bibi harusi alilivaa hivyo hivyo."

Simu kubwa nikamkabidhi aifungie sandukuni, nikatembea na kiswaswadu cha kupiga na kupokea tu. Wiki mbili za mwanzo zilikuwa ngumu. Mkono ulikuwa unakwenda mfukoni wenyewe na kukuta hakuna kitu. Nilikasirika ovyo, nilitoka jasho, nilishindwa kumaliza sahani ya wali. Mama mkubwa akaniweka sindano mkononi. "Mkono uliozoea kazi haukai bure," alisema, akanifundisha kudarizi. Nilijichoma zaidi ya nilivyoshona, lakini nilipata robo saa isiyo na simu, kisha nusu saa, kisha alasiri nzima.

Wiki ya tatu nikaanguka. Nilimwomba mwenzangu simu niangalie ratiba, nikaketi ngazi za maktaba, na nilipomrudishia vipindi viwili vilikuwa vimepita. Nikaenda moja kwa moja kwa mshauri, nikasubiri anifukuze.

"Umeanguka lini?" aliniuliza.

"Leo."

"Umekuja kwangu lini?"

"Leo hii hii."

"Mara ya kwanza ilikuchukua miezi mingapi kuja?" Akavaa miwani, akatabasamu. "Hebu niambie, mwanahisabati. Hapo tunapanda au tunashuka?"

Nilitoka ofisini kwake natembea kama mtu aliyepokea zawadi.

Masomo mawili nilishafeli, ikabidi niyarudie kwa sapu, mtihani wa marudio. Nikamfuata kijana mmoja wa darasani, mtoto wa wafugaji wa Igunga, mtu mkimya ambaye kalkulasi aliimudu. Nilimwambia ukweli wote. Akachora duara kwenye vumbi kwa ncha ya kiatu.

"Mimi ni michezo," alisema hatimaye. "Ya vita, ile ya kucheza na watu wa mbali. Mwaka jana sikwenda kwetu likizo nzima, nilidanganya nina kazi ya kikundi. Sijamwambia mtu."

"Umeniambia mimi."

"Basi ndiyo nimeanza."

Tukawekeana mkataba. Yeye atanifundisha kila siku saa kumi, mimi nitakuwa mlinzi wake: kila akisikia hamu ya mchezo anitafute kwanza. Akinikuta nimekwama hakunicheka. Aliuliza tu, "Umekwama mstari wa ngapi?" Hilo swali liliniponya sana. Nilikuwa nimejiona nimekwama maisha yangu yote, kumbe nilikuwa nimekwama mstari wa nne.

Jumamosi tukaanza kutembea. Asubuhi, tunaziacha simu kwenye kapu la mama mkubwa, tunashika njia ya kijiji cha Kwihara, ile ile ya misafara ya kale iliyokuwa ikielekea Ujiji. Babu zetu waliipita na mizigo mabegani. Sisi tulikwenda mikono mitupu na bado tulijiona tumetuliwa kitu kizito. Wiki ya kwanza tulikuwa wawili, ya pili wanne. Msichana mmoja alikuja akiwa amekaa chumbani siku tisa bila kuongea na mtu kwa sababu picha yake ilichekwa kwenye kundi la darasa. Siku hiyo alitembea nyuma yetu kimya. Wiki iliyofuata alitangulia mbele, akituhimiza tusilegee.

Katika mtihani wa sapu nilijibu maswali yote. Matokeo yakatoka kwenye mtandao, kwa hiyo nilikwenda kwenye kompyuta za maktaba, na yule kijana wa Igunga akasimama nyuma yangu kama askari. Nikafungua ukurasa. Kalkulasi, nimefaulu. La pili, nimefaulu, tena kwa alama nzuri. Nikausoma ukurasa ule mara tatu. Kisha nikaufunga, nikainuka. Pembeni ya kioo palikuwa na picha za kila namna zikiniita, na mimi nilikuwa nimeshageuka mlangoni.

"Twende," nilimwambia.

"Huangalii kingine?"

"Nimeona nilichokifuata."

Tulipofika nje alipiga mbinja kama anaita ng'ombe, wanafunzi wote wakageuka. Nilimpigia baba kwa kiswaswadu, namba naijua kwa kichwa. Nilimweleza yote: mtihani niliouficha, kufeli, ofisi ya mshauri, na kwamba sasa nimefaulu. Nikamwomba radhi kwa siku ile ya reli.

"Nilipokuwa naangalia kwenye zile nyasi," alisema, "niliomba kitu kimoja tu, uwe hai. Sikuomba hisabati." Akakohoa. "Lakini na hisabati nimepokea." Halafu nikamsikia akiita kwa nguvu, "Mama yake! Njoo usikie mwanao!" Na najua kwamba jioni ile alizunguka kijiji tena.

Idi iliyofuata mdogo wangu alikuja Gongoni na mumewe. Mama mkubwa alifungua sanduku akatoa lile gauni, nililorudi nalo kutoka Usoke bila kuvaliwa. Mdogo wangu akalivaa sebuleni, akazunguka mara mbili, kina mama wa jirani wakapiga vigelegele kama siku ya harusi yenyewe. Alinishika mkono, akaniambia sikioni, "Macho yako yamerudi, dada." Siku ile ndiyo nilijua amenisamehe.

Simu kubwa niliichukua tena mwaka wa tatu, kwa sababu masomo yaliitaka. Nina saa zangu nayo. Siku nyingine inanizidi dakika kadhaa, nami naandika kwenye daftari sababu, maisha yanaendelea. Siiogopi.

Mwaka huo chuo kilitualika sisi wa matembezi ya Jumamosi tuzungumze na wanafunzi wapya. Wenzangu walinichagua mimi. Nilipanda jukwaani mbele ya ukumbi uliojaa vichwa vilivyoinama, nyuso nyingi zinang'aa kwa mwanga wa chini. Sikuwagombeza. Nilianza tu kusimulia jinsi nilivyopelekwa Kaliua na gauni la harusi mapajani. Kichwa kimoja kikainuka, kikafuata cha pili. Nilipofika kwa baba na baiskeli, ukumbi wote ulikuwa unanitazama mimi. Sijawahi kuonwa na macho mengi namna ile, na sikuwa na hofu hata chembe.

Mwisho niliwaambia tunakutana Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na anayependa aje. Tuliandaa chupa mbili za chai, tukitarajia watu kumi wakizidi sana.

Walikuja zaidi ya themanini. Walijaa barabara kutoka ukingo hadi ukingo, wengine na kandambili, wengine na sare za michezo, wakizungumza kwa kelele. Chai haikutosha hata kulowesha midomo. Pale Gongoni wenye maduka walitoka nje kutazama, na fundi mmoja wa cherehani, mzee aliyevaa kofia ya kudarizi, akauliza kwa sauti, "Kuna nini leo, wanangu? Mgomo?"

"Shikamoo mzee," akajibu yule msichana wa siku tisa, aliyekuwa mbele kabisa. "Hakuna mgomo. Tunatembea."

"Marahaba. Mnakwenda wapi?"

"Kwihara!" wakajibu themanini kwa pamoja, na vumbi likapanda.